Damu ya Bi Hidaya

Bi Hidaya, kungwi aliyewafunda wali wa mtaa mzima, alianza tena kuona damu miaka mingi baada ya hedhi kukoma. Shoga yake Mwanaate akampigia vigelegele. "Umerudi usichana, shoga! Vidonge vimejibu."

Vilikuwa vidonge vya homoni, alivyojinunulia dukani kutuliza joto la mwili.

Daktari, akiwa na majibu ya vipimo mkononi, hakupiga kigelegele. "Homoni hii ikinywewa peke yake, mama, bila homoni ya pili ya kuidhibiti, huotesha ukuta wa kizazi bila kukoma. Hapo saratani hupata pa kuanzia. Kwako imeanza, ila tumeiwahi. Tukitoa kizazi, nafasi ya kupona ni kubwa."

"Kitoeni," alisema Bi Hidaya. "Kimenizalia wanne, kimemaliza kazi."

Alasiri hiyohiyo akaipiga ngoma ya unyago, akawaita si wali, bali mama zao na bibi zao. Akaweka pakiti ya vidonge juu ya mkeka. "Leo tunafundana wakubwa. Damu ikirudi baada ya kukoma, si usichana. Ni hospitali."

Wanawake wakaguna. Mwanaate akafungua polepole fundo la pindo la kanga, akatoa pakiti kama ile, nusu yake tupu, akaiweka kando ya ile ya kwanza.

Bi Hidaya akasogea, akampisha mkekani.