Mkono wa Sita

"Namwita jirani yangu," Hawise akasema, akanigeukia.

Nilikuwa wa sita na wa mwisho. Kwetu Uingereza, enzi hizo, mtu akishtakiwa aliita majirani sita waweke mkono juu ya kitabu kitakatifu, waape kwamba asemayo ni kweli. Hata neno letu la zamani la kuthibitisha, avouch, lilianzia kwenye kuita: ukisema jambo ni kweli, unaita mtu asimame nawe. Watano walikwisha kuapa. Mkono mmoja ukikosekana, Hawise anafukuzwa kijijini kwa wizi wa kondoo wa bwana mwenye ardhi yetu.

Na Hawise hakuiba. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko mimi. Wajukuu wangu walikuwa wameshiba kwa mara ya kwanza tangu theluji ianguke.

"Njoo basi, mama," akanitania. "Kitabu hakiumi."

Watu wakacheka. Msimamizi wa bwana hakucheka.

Kondoo wa bwana walipakwa udongo mwekundu mgongoni, na udongo ule hautoki upesi. Nilikuwa nimesugua mikono kwa majivu asubuhi nzima, lakini wekundu ulibaki chini ya kucha na kwenye mistari ya kiganja. Nikauzungushia mkono aproni.

"Mkono wa kulia," msimamizi akasema. "Mtupu. Tuuone."

Hawise akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Huyu ndiye ninayemwamini kuliko wote."

Nikautoa mkono kwenye aproni, nikaukunjua.