Kamera Isisinzie

"Usiuguse mguu huo!"

Mwanamke aliyekuwa akiinuka benchini aliurudisha mkono wake kana kwamba ameungua.

"Basi, nimeuacha. Mguu wa kamera umekuwa yai?"

"Ukisogea hata kwa upana wa unywele, mama, kazi yote imeharibika," alisema mpiga picha.

Kamera ilikuwa imekwisha kuupokea uso wa mwanamke yule, na sasa ilingoja uso mwingine uje kukaa kando yake, nyuso zote mbili ndani ya picha moja. Mwanamke huyo na aliyekuwa mumewe hawakuwa wameketi chumba kimoja tangu siku ya talaka, wala hawakukusudia kuketi. Picha walizopigwa pamoja zilikuwa zimekwisha katwa kwa mkasi. Kesho mwanamume angehamia ng'ambo. Picha hii isipopatikana leo, haipatikani tena.

"Anakuja saa ngapi huyo bwana?"

"Sasa hivi."

"Basi nipitishe mlango wa nyuma. Paka na panya hawasalimiani."

Mpiga picha alimtoa, akarudi mbio. Taa ya betri ilikuwa imeanza kupepesa. Akawa anakigusa kitufe kila mara, kamera isije ikasinzia na kuusahau uso ule. Akaenda dirishani, akarudi. Akaenda mlangoni, akarudi.

Mwanamume aliingia akihema, tai imekwenda upande.

"Ameondoka?"

"Ameondoka, baba. Keti pale, mwisho kabisa wa benchi."

"Mbona unanitenga kama mgonjwa wa surua? Hapa kati lingekaa gunia la mkaa!"

"Tulia, nakuomba."

Kwenye kioo cha kamera uso wa mwanamke ulielea, hafifu, mbele ya kitambaa cheusi. Mwanamume akaishiwa na mizaha.

"Yumo humo?"

"Yumo."

"Amezeeka?"

"Kidogo."

Mwanamume akainyoosha tai yake, akaukaza mgongo. Kitufe kikalia.

"Nimemaliza deni langu," alisema, akachukua kofia yake, akatoka bila kutazama nyuma.

Kamera bado ilikuwa inangoja uso mmoja zaidi. Taa nyekundu ikapepesa kwa kasi. Mpiga picha akaiamuru ipige yenyewe, akakimbilia benchi, akaketi katikati ya mamaye na babaye.