Pikapu ya Mama Mkwe

Donatus alilala chali chini ya pikapu akiwa na shati lake la kanisani, fundi Nazir akammulikia kwa tochi. Springi za nyuma zilikuwa zimekatika zote mbili, kushoto na kulia.

“Unaziona?” alisema Nazir, fundi mgeni aliyehamia Shinyanga juzijuzi tu kutoka Tabora. “Bado zina rangi ya kiwandani. Hazijashika hata kutu.”

Donatus akatoka kule chini, vumbi mgongoni na oili kwenye kola, akamfuata Velji, mwenye duka la magari, mpaka kaunta.

“Umemsikia fundi wako? Springi mpya zinakatikaje? Mmeniuzia mbovu. Garantii ni ya mwaka mzima, na mwaka haujaisha.”

“Kwamba ni mpya, ndiyo shida yenyewe,” alisema Velji. “Garantii hailipi. Springi nyingine utanunua. Nenda nyumbani, Bwana Donatus.”

Nje barazani mtu akakohoa.

Donatus hakugeuka. Alikijua kikohozi kile, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la mama mkwe wake, mjane aliyelinunua kwa pamba ya mikono yake, akampa mkwewe aliendeshe kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Asubuhi, bila kuitwa na mtu, alisema anataka chumvi mjini. Akapanda nyuma kwenye bodi na kukaa juu ya gunia, maana mtu na mama mkwe wake hawakai kiti kimoja wala hawatazamani usoni. Njia nzima gari lililia kila shimo, na kila lilipolia Donatus alitamani ardhi immeze. Sasa mama yule alikuwa barazani, amewapa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Chumvi hata hakuiulizia.

“Gari hili linabeba pamba na wanakwaya, basi,” Donatus alisema kwa sauti kubwa, ili barazani nako wasikie. “Na Aprili yote, nilipokwenda Chato kumzika baba, lilikaa uani limefunikwa turubai. Muulize yeyote.”

Velji alitazama viatu vyake. “Sijakuuliza lilibeba nini.”

“Basi kwa nini unakataa?”

Velji akafungua mdomo. Nje kikohozi kikaja tena, kirefu kuliko cha kwanza, na Velji akaufunga. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokwishafutwa.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Donatus iliishia hapo. Aliona wazi kwamba Mhindi huyu anajua, na mama anajua, na kwamba wote wawili wanamstahi tu, kama mlevi anavyostahiwa mbele ya wanawe. Akainama karibu kabisa na uso wa Velji.

“Mzee Velji, nilibeba mawe,” alinong’ona. “Mawe ya Bulyanhulu.”

Miaka ile ya sabini Bulyanhulu ilikuwa imeanza kuwatia watu wazimu wa dhahabu. Baada ya msiba mtu alimwonyesha Donatus jiwe linalometameta, akamwambia liko shimo zima la namna hiyo. Donatus akauza ng’ombe, akajaza bodi mpaka matairi yakalala, akayapeleka mawe kwa wasagaji wa dhahabu. Wasagaji walicheka mpaka wakakaa chini. Yalikuwa mawe ya kujengea choo.

Hasara angeivumilia. Lakini mume wa mama yule alifukiwa na shimo la dhahabu, na mwili wake haukutolewa. Siku ya kupokea mahari, mama alimtuma mjomba wa binti yake, Justa, aseme mbele ya wazee wote: kijana huyu aape kwamba jiwe la machimbo hataligusa. Akiapa, Justa ni wake. Akivunja kiapo, Justa anarudi kwa mama yake na watoto wake pia. Donatus aliapa, na wazee wakanywa pombe ya kiapo hicho.

“Nitamwambia nini mayu, mama mkwe wangu?” Akaiegemea kaunta. “Hata kumwomba radhi siwezi, si mtu ninayeweza kusimama mbele yake. Sema springi zilitoka mbovu kiwandani, basi. Neno moja tu. Ukikataa, napanda basi la Chato leo hii, na Justa hataniona tena.”

Aliona haya kulia mbele ya mtu aliyevaa tai, akalia hivyo hivyo, uso ameuficha kwenye mkono wa shati lenye oili. Nazir akajifanya anatafuta spana.

Velji alikwenda kwenye dirisha la barazani, akalifunga taratibu. Aliporudi akaishika kaunta kwa mikono miwili.

“Usiende Chato,” alisema. “Mimi nami niliapishwa, na leo navunja kiapo, Mungu anisamehe. Springi hizi ni za pili. Za kwanza zilikatika Aprili, wewe ukiwa msibani, na garantii yote ikaishia kwenye springi zile. Gari liliingia hapa na dereva wa kukodi, limejaa mawe ya Bulyanhulu, na mama mkwe wako akapiga magoti hapo hapo ulipo, akilia kuliko unavyolia wewe, akanisihi: mkwe wangu asijue kamwe.”