Maziwa ya Siwema

Mwantumu alisikia bombani kwamba maziwa ya pakiti hutiwa dawa ya maiti, na neno hilo likakataa kumtoka. Tangu hapo mwanawe Siwema akawa anakunywa ya ng'ombe wa Mama Kheri, aliyeyapitisha kila asubuhi kwa ndoo, yaliyokamuliwa punde, mabichi, maana moto nao walisema huyaondolea nguvu.

Asubuhi baada ya mazishi, Mama Kheri, asiye na habari, alitua ndoo yake nje akapiga hodi.

"Mteja wangu kanuna leo? Mbona haji na kikombe?"

Mwantumu aliyapokea maziwa, akayabandika jikoni, akasimama kuyatazama.

"Shoga, si ulisema moto unayaharibu?"

"Tumemzika jana, Mama Kheri. Daktari kasema ni vijidudu vya kwenye maziwa. Vingekufa motoni."

Mama Kheri aliketi kizingitini. Maziwa yakachemka, yakapanda, yakamwagikia makaa, wala hakuna aliyeyaepua. Nje, watoto wa jirani walikuwa wameshapanga vikombe kando ya ndoo.

"Nitawaambia nini mama zao?"

"Waambie wasiwape mabichi. Wasiyaepue kabla hayajachemka. Wasiyaache wazi, wasiyatie kwenye chombo kichafu. Na mtoto akiharisha, wasingoje mpaka kukuche."