Pikipiki ya Safari Ndefu

Mtunza maktaba alikuwa anapakia mchele kwenye pikipiki. Mifuko miwili ya kilo tano sanduku la kushoto, miwili la kulia, na mmoja mdogo kwenye sanduku la nyuma ya kiti. Alifunga vifuniko, akajifuta mikono kwenye gauni.

"Sasa panda," alimwambia kinyozi. "Mkiwa safarini itakuwa nzito hivi. Ukiijaribu tupu itakudanganya."

Kinyozi alipanda kwa madaha. Pikipiki ikainamia upande wake, akaikinga kwa mguu, na madaha yote yakaisha. Mkewe, mwalimu wa chekechea, aliziba mdomo kwa kiganja.

"Si ulisema ni kama baiskeli kubwa?"

"Ni baiskeli," alisema kinyozi, akihema. "Ila hii imeshiba."

Mtunza maktaba hakucheka, wala hakununa. Kwa miezi minane sasa alikuwa hivyo. Anakula, anaoga, anakwenda kazini, anarudisha vitabu kwenye rafu zake. Akiulizwa siku imekwendaje, husema nzuri, ingawa hakuiona ikipita.

Wale wawili walitoka upande wa pili wa mji, baada ya kuona tangazo kwenye simu. Walipofika getini, kinyozi aliuliza kwa nini kitu kizuri namna ile kinauzwa.

"Mume wangu amefariki," alisema.

"Oo. Pole sana, mama."

"Nimeshapoa."

Kinyozi aliizunguka pikipiki taratibu, mikono nyuma, kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya msiba. "Mzee aliitunza kama yai," alisema mwishowe.

"Ilisafishwa kila Jumapili. Lakini iliwahi kuanguka, lazima mjue. Fundi amebadilisha usukani na sanduku la kushoto. Fremu imepimwa, imenyooka."

Alisema hayo kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wasomaji kwamba maktaba inafungwa saa kumi na moja. Jirani mmoja alipita nje na ndoo, akaona geti wazi, akaangalia chini na kuongeza mwendo.

Kabla mchele haujapakiwa, kinyozi aliposhindwa kuiondoa pikipiki kwenye stendi, mtunza maktaba alimsogeza pembeni. Aliweka goti mahali fulani, akashika mahali fulani, na chuma kile chote kikashuka kimya.

"Mama, una nguvu!"

"Si nguvu. Ukishapajua mahali pa kushika, inakuja yenyewe."

Sasa, baada ya jaribio la mchele, akawapa ushauri, na mwalimu akauandika nyuma ya bahasha. Mizigo mizito ikae chini na mbele, si nyuma kabisa. Magurudumu yajazwe upepo zaidi mkiwa wawili, na yapimwe asubuhi kabla hayajapata moto. Wiki mbili za kwanza msitoke mjini. Tafuteni uwanja mtupu, mjifunze kugeuza polepole, kwa sababu pikipiki kama hii haiangushi watu kwenye mbio tu, inawaangusha hata kwenye maegesho, mbele za watu.

"Hapo hata wateja wangu wenye vipara watanicheka," alisema kinyozi.

"Kwenye kona, angalia unakokwenda. Ukiangalia shimo, utaingia shimoni."

"Na mimi wa nyuma?" aliuliza mwalimu.

Mtunza maktaba alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi za watoto.

"Wewe usishindane naye. Akiinama, inama naye. Usigeuke ghafla kutazama ng'ombe. Na msisubiri kuchoka ndipo mpumzike. Kila saa mbili mshuke, mnywe maji, mtembee. Mwili ukichoka sana hausemi. Unaona barabara, unaona magari, unadhani uko macho."

Kinyozi aliitikia kwa kichwa. Mwalimu aliandika: *saa mbili*.

"Tena mkubaliane ishara," aliendelea. "Upepo unameza maneno, hamtasikilizana. Wa nyuma akigonga bega mara moja, kuna kitu anataka ukione. Akigonga mara mbili, simama. Usimuulize kwa nini. Usiseme bado kidogo tunafika. Simama hapo hapo."

"Aa, hapo umetupata," kinyozi alicheka. "Sisi wanaume na bado kidogo yetu!"

Mwalimu aliendelea kuandika. Kinyozi akaona aibu ya kicheko chake. Akainama, akajifanya anakagua mnyororo, kisha akaomba maji ya kunawa. Mtunza maktaba alimwonyesha bomba upande wa jikoni.

Wanawake wawili walibaki na pikipiki. Mtunza maktaba alifungua sanduku la kushoto na kuanza kutoa mchele. Mwalimu alipokea mfuko, akauweka chini, akapokea wa pili. Alisita nao mikononi.

"Mama, nisamehe nikikosea kuuliza. Siku ile, wewe ulimgonga mara mbili?"

Mtunza maktaba aliingiza mkono sandukuni, akapapasa hadi pembeni, akahakikisha limebaki tupu.

"Aliyekuwa anaendesha ni mimi, mwanangu," alisema. "Yeye alinigonga mara mbili."