Kupima Kamba

"Siendi!" Prisca alisema, akimwaga maji aliyosafishia kidonda cha mama yake. "Nilisema jana, na leo nasema."

"Utaenda," Angelina akamjibu kutoka kitandani. "Msichana wa miaka kumi na tisa, unanuka dawa kama zahanati!"

"Na kidonda atakifunga nani?"

"Mama yako mdogo, Kristina. Alifunga vidonda kabla hujazaliwa."

"Mama mdogo anasinzia hata akila."

"Nimesikia!" Kristina akasema uani, huku akimenya njegere.

Chini ya mlima, barabarani, gari la timu lilikuwa linasubiri. Fainali ya netiboli ilikuwa Mazimbu saa nane, na timu haikuwahi kupata senta mwingine kama Prisca. Lakini tangu ugonjwa wa sukari umle mama yake mguu, miaka miwili sasa, Prisca hakuteremka mlima ule ila kumpeleka hospitali.

Ghafla Angelina akashika paja.

"Basi, umeshinda. Lakini mguu unawaka moto. Nipelekeni hospitali."

Hasira zote zikamwisha Prisca. Akatoka mbio kutafuta wabebaji, hakufika mbali. Janeth na wachezaji wenzake watatu walikuwa wamesimama uani, wamevaa jezi, machela ya mianzi mabegani.

"Mmejuaje?"

"Tulikuwa tunapita," Janeth akajibu, akiangalia kuku.

"Na machela?"

"Nayo ilikuwa inapita."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Mwaka juzi kamba ilikatika mama akiwa juu ya machela. Tangu siku hiyo hakuna aliyempandisha kabla Prisca hajalala yeye kwanza, akainuliwa, akatikiswa, akaridhika.

Kristina akamkokota dada yake hadi mlangoni, mkongojo mkononi.

"Pima kamba upesi, mwanangu," Angelina akahimiza. "Naumia."

Prisca akalala chali juu ya khanga iliyotandikwa kwenye machela. Wakamwinua. Wakamtikisa. Kamba zilikuwa imara.

"Sawa, nishusheni. Halafu kuna kitu kigumu hapa mgongoni, kitamchoma mama."

"Raba zako za netiboli hizo," Angelina akasema, akiinua mkongojo juu. "Haya wasichana, mbio!"

Machela ikaruka mfereji wa kumwagilia kabeji kabla Prisca hajaweza kushuka, na ilipopotelea migombani, mlima mzima ulisikia Prisca anavyocheka.