Kinu cha Mama Tuse

Ludovick aliuliza kinu ni cha nani, na wanawake wawili wakaacha kutwanga.

Alikuwa mmoja wa vijana viongozi walioletwa likizo ile kujifunza jinsi watu wa mji huo wanavyoishi baada ya vita. Mama Tuse na Bi Rukia walitoka pande zilizopigana, na sasa walitwanga mpunga pamoja uani kwa Mama Tuse, wakipokezana mchi mmoja.

"Tulikikuta hapa tuliporudi," alisema Mama Tuse.

"Ni cha marehemu mama yangu," alisema Bi Rukia. "Nilinyamaza tu."

"Shoga! Miaka yote unanichekea, kumbe moyoni unaniita mwizi?"

"Sikukuita. Si tumeulizwa?"

"Samahani, mama zangu," alisema Ludovick. "Nilitaka kujua mnavyoshirikiana."

Bi Rukia alijaribu kukibeba kinu, kikamshinda. Mama Tuse akashika upande wa pili, wakakipeleka pamoja mpaka kwa Bi Rukia. Ludovick hakuelewa kama wamepatana au wamegombana.

Mama Tuse alirudi peke yake, akaingiza mchi ndani, akafunga mlango.

Jioni ile nyumba moja ilikuwa na kinu bila mchi, nyingine mchi bila kinu, na hakuna iliyopika wali.